Kusoma Uhusiano wa Kimataifa pamoja na Historia ya Zama za Kati chuoni: mwongozo kamili, toka maombi mpaka disetesheni

Haya wadau, hii ni ya wale waliotoka HGL, HKL, HGK na ndugu zao (michepuo ya fomu siksi Tanzania yenye historia ndani), ambao wanaipenda historia mpaka basi lakini nyumbani wanaambiwa wasome kitu "chenye soko", halafu wanaona IR (Uhusiano wa Kimataifa) kama njia ya katikati. Kuna njia nzuri zaidi ya hiyo ya katikati, nayo ni kusoma vyote viwili kwa digrii moja. Pale St Andrews, Scotland, kozi hiyo ipo kabisa, Uhusiano wa Kimataifa na Historia ya Zama za Kati, kila somo nusu yake, miaka minne, na ukimaliza unapewa MA (Hons), ambayo usichanganyikiwe, hiyo ni digrii ya kwanza na si masta, ni utaratibu wa vyuo vikongwe vya Scotland. Nitaitumia St Andrews kama mfano mwanzo mpaka mwisho, ila mbinu nyingi humu zinafanya kazi hata kama unasoma Dar, Nairobi au Kampala na una somo moja la historia na moja la siasa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usije ukasema sikukwambia: ukiyasoma haya masomo mawili kama reli mbili zisizokutana, utachoka mara mbili na utatoka na nusu mbili za digrii. Faida yake yote ipo pale unapoyagombanisha. Kila hatua hapa chini inaelekea huko.

Hatua ya 1: jua kwanza ugomvi wenyewe ni upi

IR ya mwaka wa kwanza kwa kawaida inaanzia 1648, Amani ya Westphalia, mikataba iliyomaliza vita vya miaka thelathini Ulaya, na inakufundisha kwamba dunia ni dola zenye mamlaka kamili, kila moja bosi kwake, na juu yao hakuna bosi. Hiyo hali ya kukosa bosi ndo wanaiita anaki, na msomi wa IR, Kenneth Waltz, mwaka 1979 aliijengea nadharia nzima. Sasa unatoka kwenye hiyo lekcha unaingia ya Zama za Kati, unakutana na miaka kama elfu moja hivi ambapo mfalme ana bosi, bosi naye ana mgomvi, askofu ana jeshi, mji wa wafanyabiashara una koloni, na Januari 1077 mfalme Henry IV wa Ujerumani anasimama siku tatu kwenye baridi nje ya ngome ya Canossa akimuomba msamaha Papa Gregory VII. Hapo bosi ni nani? Ugomvi wao wa nani anateua maaskofu ulikuja kutulizwa 1122 kwa makubaliano ya Worms, na hata hapo kwa kugawana tu.

Na usidhani ni mambo ya makumbusho. Milošević, kiongozi wa Serbia, alihutubia umati mkubwa Gazimestan, Kosovo, mwaka 1989 kwa sababu ilikuwa miaka 600 toka vita vya Kosovo vya 1389, kati ya Waserbia na Waosmani. Putin Julai 2021 alichapisha makala ndefu akidai Warusi na Waukraine ni watu wamoja, na hoja zake zinaanzia Rus ya kale (dola iliyokuwa na makao Kyiv) na ubatizo wa mtawala wake Vladimir wa 988. Mwanafunzi wa IR tupu akisoma makala ile anaona siasa za leo tu, wewe utaona pia wapi historia imekatwa na kushonwa upya. Kuna na mifano ya kuchekesha: Oktoba 1943 Churchill aliliambia Bunge kwamba Ureno imekubali Uingereza itumie visiwa vya Azores, na akataja mkataba wa urafiki wa mwaka 1373. Mkataba ulikuwa na miaka 570 na bado ulifanya kazi, wakati tuna mikataba yetu ambayo haifiki uchaguzi unaofuata.

Kama haya hayakusisimui hata kidogo, soma IR peke yake, hakuna ubaya. Zama za Kati ina kusoma kwingi na haibebiki kwa kujilazimisha.

Hatua ya 2: maombi

Unaomba kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza, unaruhusiwa vyuo vitano, na dedilaini ya kozi nyingi ni Januari ya mwaka utakaoanza masomo (Oxford na Cambridge ni 15 Oktoba ya mwaka kabla). Ile barua ya kujieleza imebadilika kuanzia wanaoingia 2026, sasa ni maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kila jibu lisipungue 350.

Kwenye swali la kwanza wengi wanaandika "toka utotoni nimekuwa nikipenda diplomasia". Achana nayo. Chukua tukio moja ambalo masomo yote mawili yanaligusa, andika swali ulilonalo kuhusu tukio hilo, basi. Mfano, mwaka 1229 mfalme Frederick II na Sultani al-Kamil wa Misri walikubaliana Yerusalemu irudi kwa Wakristo kwa muda wa miaka kumi hivi bila vita, na kila mmoja akatukanwa na watu wa upande wake. Kwa nini amani ilimgharimu kila mmoja nyumbani? Swali kama hilo linabeba aya nzima na msomaji wa maombi anaona tayari unafikiri.

Kuhusu vyeti, angalia ukurasa wa nchi yako kwenye tovuti ya chuo kabla hujalipia chochote, maana mahitaji ya aliyemaliza fomu siksi siyo ya aliyemaliza KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya), na mara nyingi wa KCSE anaambiwa apitie mwaka wa msingi kwanza.

Hatua ya 3: hela, tuongee ukweli

Ada ya mwanafunzi wa nje pale inapita pauni 30,000 kwa mwaka, na ni miaka minne, kabla hujala wala hujalala. Juu ya hapo kuna viza, na ada ya afya ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa kila mwaka. Skolashipu kubwa ambazo kila mtu anazijua, Chevening mfano, ni za masta, tena wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu ambaye mzazi hana hela ya hivyo (yaani karibu wote tunaosoma hapa): soma digrii ya kwanza nyumbani, chukua historia na siasa au IR, fanya kazi, kisha omba masta ya huko. Mbinu za hatua ya 5 mpaka ya 8 utazitumia hapo hapo nyumbani na zitakuandalia hiyo masta. Usiuze kiwanja cha familia kwa sababu ya digrii ya kwanza, jamani.

Hatua ya 4: miaka miwili ya mwanzo

Mwaka mmoja una krediti 120, semesta mbili, na mwaka wa kwanza kawaida ni moduli tatu kila semesta. Maana yake IR inachukua moja, Zama za Kati moja, na ya tatu unachagua wewe. Hiyo ya tatu ndo watu wanaichezea, wanachukua kitu "chepesi" cha kupandisha wastani. Chukua lugha. Kilatini unaweza kuanza bila kujua kitu, Kiarabu vilevile, na kama ulipita madrasa ukiwa mdogo ujue tayari herufi unazo, kitu ambacho wenzako watakitolea jasho wiki kadhaa. Lugha moja ya vyanzo ndiyo itakayoamua disetesheni yako (utafiti mrefu unaoandika mwishoni mwa digrii) iwe ya kawaida au ya maana.

Maksi ni kwenye skeli ya 20, usishtuke ukipata 14 ukadhani ni kama 14 ya mia, daraja la kwanza linaanzia wastani wa 16.5. Na ili uingie miaka miwili ya mwisho, ile ya honazi, lazima ufikishe kiwango kwenye masomo yote mawili, sio moja likubebe.

Halafu, tukiwa hapa hapa, chuo chenyewe ni somo. Kilianza kufundisha 1410 na hati yake ya 1413 ilitoka kwa Benedict XIII, Papa wa upande wa Avignon, wakati Kanisa lina mapapa wanaogombea kiti. Ufaransa ilikuwa imemuunga mkono Papa wa Avignon, Uingereza wa Roma, na Scotland, rafiki wa Ufaransa tangu mkataba wa 1295, ikakaa na Avignon hata wenzake walipoanza kumkimbia. Benedict akiwa kajichimbia kwenye ngome ya Peñíscola, Hispania, na marafiki wamebaki wachache akawapa Waskoti chuo, na miaka michache baadaye Waskoti nao wakamwacha. Kwa hiyo hicho cheti utakachopewa ni matunda ya siasa za muungano.

Hatua ya 5: ratiba ya kusoma

Vitu vya kusoma kwa IR ni makala zenye hoja, vya Zama za Kati ni vipande vya vyanzo vya wakati ule pamoja na sura za vitabu. Havisomwi kwa mwendo mmoja. Makala ya IR anza na utangulizi na hitimisho, tafuta mwandishi anagombana na nani, ukishampata mpinzani wake makala yote inafunguka, mengine unayapitia haraka. Chanzo cha zamani soma taratibu, kifupi, mara mbili, na uliza kwa nini mtu alipoteza ngozi ya mnyama na wino kuandika hicho kitu.

Weka daftari moja la masomo yote mawili, usitenganishe. Kila wiki ukurasa mmoja, safu tatu: IR imedai nini wiki hii, Zama za Kati imenionesha nini, na wapi vinagombana. Kuna wiki safu ya tatu itabaki tupu, ni sawa. Ukifika mwaka wa tatu hiyo safu ndiyo benki yako ya mada. Notsi za vyanzo weka kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure, maana watu wa historia wanataka tanbihi chini ya ukurasa na IR mara nyingi wanataka jina na mwaka ndani ya sentensi, na kubadilisha kwa mkono usiku wa dedilaini ni adhabu.

Hatua ya 6: soma waraka mmoja kwa macho mawili

Hapa ndo penyewe, kaa vizuri. Tuchukue barua ya Khan Güyük wa Wamongolia kwa Papa Innocent IV, Novemba 1246. Wamongolia walishaipiga Hungary na Poland 1241, Papa akamtuma mtawa mmoja Mfransisko, Giovanni da Pian del Carpine, akatoka Lyon Aprili 1245 na akafika kambi ya Khan jirani na Karakorum, mji mkuu wa Wamongolia, Julai 1246, akakuta Güyük anakaribia kutawazwa. Alibeba barua za Papa zikimtaka Khan aache kuua Wakristo na abatizwe. Alirudi na jibu.

Raundi ya kwanza soma kama mwanahistoria. Nani kaandika, kwa lugha gani, na imetufikiaje? Carpine mwenyewe anasimulia: makatibu wa Khan waliuliza kama kwa Papa kuna mtu anayesoma Kirusi, Kimongolia au maandishi ya Waislamu, wakaambiwa hakuna wa kutegemea. Basi barua ikaandikwa Kimongolia, ikatafsiriwa neno kwa neno kwa Kilatini pale pale, makatibu wakawa wanawafanya wairudie kuhakikisha hakuna kilichopotea, halafu wakaongeza nakala ya maandishi ya Waislamu ili akipatikana msomaji huko Ulaya aisome. Hiyo nakala, ya Kiajemi, yenye muhuri wa Khan, ilipatikana kwenye hifadhi ya Vatican mwaka 1920. Muhuri wenyewe Carpine anasema ulitengenezwa na sonara Mrusi aitwaye Kozma, ambaye pia alitengeneza kiti cha enzi. Ona sasa, kabla hata hujagusa ujumbe, una ofisi inayojali usahihi, una wakalimani, una fundi wa nchi nyingine aliyeingizwa kwenye utumishi wa dola. Hayo yote ni ushahidi.

Raundi ya pili, IR. Khan anasema nini? Kwamba toka jua linapochomoza hadi linapozama Mungu amempa yeye nchi zote, kwamba hilo la kubatizwa halielewi, na kwamba Papa aje mwenyewe pamoja na wafalme kumtumikia, wasipokuja watahesabika maadui. Ukimshika Waltz unaona pande mbili zisizo na bosi, kila moja inalinda nafasi yake, anaki ya kawaida. Lakini hapa hakuna anayekubali kwamba mwenzake ni dola sawa naye, kila mmoja anadai yuko juu ya dunia yote kwa idhini ya Mungu yule yule. Anaki kwenye karatasi ya mtafiti wa leo, ila vichwani mwao ni ngazi, na wanagombania nani amekaa juu.

Raundi ya tatu, gombanisha. Mwanarealisti, yaani wa kambi ya Waltz inayoona siasa za dunia ni nguvu tu, atakwambia achana na maneno tazama nguvu. Hiyo si hoja ya kijiweni, Markus Fischer mwaka 1992 aliandika kwamba watu wa Ulaya ya ukabaila walihubiri umoja wa Kikristo lakini matendo yao yalikuwa siasa za nguvu tu, na mwaka uliofuata Hall na Kratochwil wakamjibu kwamba kaisoma historia vibaya. Soma wote wawili mfululizo kwa siku moja, utajifunza zaidi ya semesta nzima ya nadharia. Kisha mtafute Hedley Bull, msomi mwingine wa IR, ambaye mwaka 1977 aliuliza kama dunia inaweza kurudi kwenye Zama za Kati mpya, mamlaka yakigawanyika tena kati ya dola, mashirika na makundi. Msomaji wa mashariki ya Congo hahitaji kuelezwa sana hoja hiyo.

Ukishapita raundi tatu ndo unaandika. Hoja dhaifu: "Barua inaonesha Wamongolia walikuwa na nguvu." Hoja inayosimama: "Barua inaonesha kwamba pande mbili zinaweza kubadilishana wajumbe, mihuri na tafsiri zilizohakikiwa bila hata mmoja kumtambua mwenzake kuwa sawa, kwa hiyo diplomasia ilitangulia usawa wa dola." Ya pili inabishika, na mwalimu anataka kitu kinachobishika. Fanya zoezi hili kwa nyaraka nyingine pia, mfano makubaliano ya Nubia na Misri ya mwaka 652, yanayoitwa Baqt, yaliyodumu karne kadhaa na bado wasomi wanabishana kama ulikuwa mkataba, kodi au biashara.

Hatua ya 7: moduli za honazi

Mwaka wa tatu na wa nne unachagua mwenyewe. Wengi wanachagua kwa jina la moduli au kwa mhadhiri anayechekesha. Mimi nasema chagua kwa jozi: kila semesta moduli ya IR na ya historia ziguse kitu kimoja. IR ya diplomasia na historia ya miji ya Italia, ambako baada ya Amani ya Lodi ya 1454 balozi wa kukaa moja kwa moja alizidi kuwa jambo la kawaida. IR ya dini na siasa na historia ya vita vya msalaba. Moduli hubadilika kila mwaka, kwa hiyo fungua katalogi ya mwaka husika, usitegemee ya kaka yako.

Hatua ya 8: disetesheni, na kwa nini Kilwa

Wenzako hamsini wataandika kuhusu vita vya msalaba. Wewe unatoka pwani au jirani ya pwani, na Kilwa Kisiwani ni Zama za Kati halisi. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akamsifia kwa ukarimu, akaandika kwamba anavamia bara na kutenga moja ya tano ya nyara kama Qurani ilivyoelekeza, na kwamba masharifu kutoka Hijazi na Iraq wanakuja kwake. Sarafu ya huyu huyu Sultani imechimbwa Great Zimbabwe. Dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ndiyo ilijenga Husuni Kubwa, kasri la Kilwa. Mwaka 1415 Malindi nayo ikapeleka twiga mpaka China. Halafu 1505 Wareno wakaipora Kilwa.

Usiulize "je, Kilwa ilikuwa dola?", hilo swali litakumaliza kwenye maana za maneno. Uliza kitu kama: Sultani wa Kilwa karne ya 14 alitumiaje masharifu, hija na sarafu kujipa hadhi kwenye Bahari ya Hindi? Hapo IR inakupa dhana ya hadhi na utambuzi, historia inakupa ushahidi, na vyote viwili vinahitajika mpaka ukurasa wa mwisho.

Ila vyanzo vina miiba. Ibn Battuta alisimulia safari yake kwa mwandishi, Ibn Juzayy, kazi ikakamilika kama miaka 25 baada ya kupita Kilwa. Tarehe ya Kilwa, ile habari ya masultani wake, tunayo kwa njia mbili, ya Kiarabu kwenye nakala ya Zanzibar ya 1877, na ya Kireno ndani ya kazi ya mwanahistoria João de Barros iliyotoka 1552, na hazikubaliani kila mahali. Wenye nasaba ya kutetea ndio walioihifadhi. Kwa hiyo weka sura moja nzima ya vyanzo mbele, usiifiche kwenye tanbihi, na tumia akiolojia kuvikagua. Msimamizi tafuta wawili, mmoja kila idara, hata kama kirasmi atakayekusimamia ni mmoja, na mwandikie mapema, kabla ya likizo ya mwaka wa tatu, ukiwa na swali moja, vyanzo vitatu na ukurasa mmoja tu. Barua pepe ya "naomba msaada wa mada" inajibiwa taratibu sana.

Hatua ya 9: kazi

Wizara za mambo ya nje, sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha, uchambuzi wa habari, mashirika, nyaraka na makumbusho, yote yanawezekana na yote yana foleni. Mwajiri hajali Canossa. Anajali kwamba unaweza kupewa nyaraka zinazopingana, kwa lugha mbili, zenye watu wenye nia zao, na jioni ukatoa ukurasa mmoja unaosema kipi cha kuamini na kwa nini. Kwa hiyo kabla hujamaliza tengeneza kurasa hizo tatu au nne juu ya mambo ya leo, mpaka wa ziwa, bandari, mkataba wa gesi, chochote, kwa mbinu ya raundi tatu, na uziambatanishe na maombi ya kazi badala ya kutuma wasifu mtupu.